Mgongo wa Wifi Yangu

Kabla kaka yangu hajaoa, taa ya nyumba yetu nilikuwa mimi. Ndivyo nilivyojiona, na sioni sababu ya kuficha sasa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni, nikaweza kusoma Kiswahili bila kufuata mstari kwa kidole. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Samuye, wasichana wa namna hiyo tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa ameolewa akaenda Songwa, ambako mumewe alipata kazi ya almasi. Nikabaki peke yangu na kitabu changu cha nyimbo na Agano Jipya lililofungwa kwa kipande cha kaniki.

Kanisa letu lilikuwa la udongo, na madirisha yake yalikuwa matundu. Baada ya mahubiri palikuwa na desturi ya ushuhuda: mtu aliyetendewa jambo na Roho katika juma lile alisimama akalisema. Mimi nilisimama karibu kila Jumapili. Nilianza kuyapanga maneno tangu Alhamisi, nikipalilia pamba, nikiyageuza kinywani kama mtu anayeonja mchuzi. Na yalikuwa matamu. Wazee walitikisa kichwa, akina mama walisema "Amina" kabla sijamaliza, na mwinjilisti wetu aliniambia mara moja kwamba nina kipawa. Neno hilo nililala nalo mwezi mzima.

Nilikuwa na ndoto nyingi wakati ule, maana mimi ni mtu wa ndoto, lakini moja ilizizidi zote. Mama yangu hakuwa ameamini. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama akaendelea na mambo ya wazee wake. Nyuma ya nyumba yetu, karibu na ua, palikuwa na kijumba cha nyasi kinachonifika kiunoni, cha masamva, yaani mizimu ya ukoo, na mama alikwenda huko na unga mweupe wa mtama uliokorogwa na maji, akaumwaga na kusema nao kama mtu anayeongea na majirani. Miaka mitatu nilimhubiria. Nilimsomea asubuhi, nilimsomea jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimesikia, mwanangu. Sasa kalete kuni."

Ndoto yangu ilikuwa siku ya ubatizo wake. Nilimwona amevaa nguo nyeupe, amenishika mkono, mchungaji anauliza ni nani aliyemleta mama huyu, na watu wote wananigeukia. Nililiona hata vazi nitakalovaa mimi.

Mwaka wa ukame mkubwa kaka akarudi kutoka Geita, alikokuwa akifanya kazi kwenye migodi ya dhahabu, na nyuma yake alikuwapo mke. Mambo ya posa na mahari yalikuwa yamekwisha huko huko kwa wakwe zake. Mwanamke alikuwa Msumbwa wa Masumbwe, mfupi, mwenye mabega mapana na pengo la meno ya mbele, na kicheko cha kuwaamsha kuku. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kambini, kwa hiyo kila kitu kizuri alikiita dhahabu. Uji ukiwa mtamu, "dhahabu." Kivuli kikiwa kizuri, "dhahabu tupu." Hakujua kusoma hata herufi moja. Alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo kwa waumini wa kule kambini na alitaka kuyamaliza kwetu. Kaka alikaa juma moja, akarudi kazini, akamwacha.

Nilimpokea vizuri. Naapa nilimpokea vizuri. Nilifikiri: huyu nitamfundisha. Nitakuwa na mwanafunzi humu humu ndani.

Siku ya pili tulikwenda mtoni. Mto wetu una maji miezi michache tu. Miezi mingine ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba mashimo humo, wengine mpaka shingoni, wakangoja maji yajikusanye chini, kata moja moja. Shimo la mtu ni la mtu. Unalizungushia miiba ng'ombe wasiingie, na mwenzio hachoti hata akiwa ndugu yako. Wakati wa ukame mtu atakupa chumvi, atakupa moto, atakuazima hata mtoto wake akufukuzie ndege shambani, lakini shimo hakupi.

Wifi alichagua mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba, akaingia kazini kwa mikono na kipande cha jembe.

"Wee wa Masumbwe," mama mmoja akamtania, "kwenu mnachimba kama panya buku?"

"Kwetu tunachimba dhahabu, shangazi," akajibu kutoka chini, kichwa hakionekani. "Maji ni mazoezi tu."

Wanawake wakacheka. Na maji yakatoka, meupe, mengi kuliko ya shimo langu. Kabla hajajaza debe lake, mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, ambaye shimo lake lilikuwa limekauka tangu jana, akapita karibu bila kusema neno, maana hakuna cha kusema. Wifi akatoka shimoni.

"Ingia uchote," akamwambia. "Mimi nina nafasi."

"Shimo ni lako."

"Ndiyo maana nakwambia uingie. Lingekuwa la mwingine ningenyamaza."

Akangoja mpaka jua likawa utosini. Baada ya yule alikuja mwingine. Mimi nilijaza debe langu, nikasimama kwenye jua nikiona aibu kwa niaba yake, kwa sababu nilimwona kama mtu asiyejua desturi. Tulipokuwa tunajitwika, mama yule aliyemtania, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani, akanigeukia akasema, kwa wema kabisa, "Binti, huyu wifi yako naye ni wa dini yako, au ya kwake ni nyingine?"

Nilicheka. Mimi ni mwepesi wa kucheka. Lakini njia nzima debe lilinilemea, na sikuwa nimejaza zaidi ya siku zote. Miaka mitatu niliwasomea wale wanawake Neno la Mungu pale pale mtoni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza dini yangu ni ipi.

Ndipo mguu wa mama ukaanza. Alijikwaa kwenye kisiki, kikawa kidonda, na kidonda kikawa donda ndugu, la kula nyama. Baada ya mwezi hakuweza kukanyaga. Mimi nilimwombea. Niliketi mlangoni, maana harufu ilinishinda, nikasoma na kuomba kwa sauti, na mara nyingine nililia kweli kweli, kwa kuwa nampenda mama yangu. Wifi alichemsha maji ya chumvi, akaketi chini, akauweka mguu ule mapajani mwake, akauosha. Asubuhi na jioni. Akiuosha alimsimulia mama hadithi za kambini: jirani yake Mwislamu kutoka pwani aliyemfundisha kupika wali, mchimbaji aliyedondosha chembe ya dhahabu ndani ya uji wake mwenyewe akaunywa, wenzake wakamlinda siku mbili asiende mbali. Mama alicheka mpaka akasahau maumivu. Kutoka mlangoni nilisikia kicheko hicho, nami nikapaza sauti ya kusoma.

Nitasema jinsi wivu ulivyo, kwa maana nilikaa ndani yake kama mtu anavyokaa ndani ya nyumba. Haukuwa chuki. Wifi nilimpenda, nilimsuka nywele, tulilala mkeka mmoja. Ila kila kitu alichofanya kilinigusa kama upupu. Akiamka mapema, niliona ananisuta. Akilala, niliona amechoka kwa wema. Nilianza kuhesabu nani mama anamwita kwanza. Nilianza kuokota makosa yake: amesema sala ya Bwana akaruka mstari, ameimba ubeti wa tatu kabla ya wa pili. Nilikuwa na roho ya kwa nini, na niliiita bidii kwa ajili ya nyumba ya Mungu.

Jumapili moja mwinjilisti akawaomba wanafunzi wa ubatizo nao watoe ushuhuda. Wifi akasimama, akashika khanga yake, akatazama chini muda mrefu.

"Mimi sijui kusema," akasema. "Namshukuru Mungu mguu wa mama leo haunuki."

Akaketi. Mzee mmoja nyuma akaguna namna wazee wanavyoguna neno likiwafika. Zamu yangu ilifuata. Nilikuwa na ushuhuda mzuri, wa upepo na mbegu, niliupanga juma zima. Niliusema wote. Hakuna aliyeniitikia "Amina" kabla sijamaliza, na baada ya kumaliza waliitikia wawili, mmoja wao akiwa binamu yangu.

Mama alikuwa bado na kijumba chake. Mguu ulipomzidi, alitaka kwenda huko kila siku ya tatu, awaombe wazee wake. Aliniomba nimshike mkono.

"Mama, imani yangu hainiruhusu," nikasema. Mwinjilisti alitufundisha hivyo: tusiguse wala tusikaribie. Nililisema kwa upole, nikajiona nimesimama imara.

"Haya," mama akasema. Akashuka kitandani akaanza kutambaa. Niliingia ndani nikafunga mlango nisione, nikapiga magoti.

Asubuhi ya siku nyingine ya tatu nilitoka kufungua mbuzi, nikakuta mama yuko mgongoni kwa wifi. Amembeba kama mtoto, mguu mbovu unaning'inia, mkononi mama ameshika kibuyu cha unga wake. Wifi alivuka ua akiwa ameinama, akamweka mbele ya kijumba taratibu, akamnyooshea mguu, akarudi hatua nyingi mpaka kwenye miiba ya ua, akasimama ametugeuzia mgongo sote, ametazama upande wa barabara. Mama alipomaliza akakohoa. Wifi akarudi, akainama, mama akapanda. Unga uliobaki ukamwagikia begani kwa wifi, ukamwachia alama nyeupe mpaka kiwikoni.

Niliona yote. Nilimwona amesimama mbali. Nilimwona amegeuka. Na kitu fulani ndani yangu, naomba nikiseme kilivyo, kilifurahi.

Ubatizo ulikuwa umekaribia; mchungaji alitarajiwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Jumatano tulikuwa na mkutano wa maombi. Mwinjilisti akauliza nani ana haja. Nikainua mkono.

"Tumwombee wifi yangu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa laini, hata machozi yalikuwapo. "Mama yangu bado anamwaga unga kwa masamva, na juzi wifi amekwenda naye. Amerudi ana unga begani. Sisemi kwa kumlaumu. Naomba Mungu amsaidie aache ya zamani kabla hajaingia majini."

Kila neno lilikuwa kweli. Wifi hakuwapo, alikuwa amebaki na mama. Watu waliguna, wakainamisha vichwa, tukamwombea. Na mimi ndiye niliyeomba kuliko wote.

Kanisa letu lilikuwa na desturi moja ambayo wakati ule sikuifikiria. Kabla ya mtu kubatizwa, mwinjilisti alikwenda nyumbani kwake, akaketi uani, akawauliza watu wa nyumba ile mwenendo wake. Na hakuwauliza waumini kwanza. Aliwauliza wasioamini, kwa sababu, alisema, hao hawana sababu ya kumpamba mtu. Mimi sikupitia hayo. Nilibatizwa shuleni, ambako waliuliza tu kama tunajua majibu, na majibu nilikuwa nayo yote.

Ijumaa akaja na baiskeli yake, jasho linamtiririka, uso wake umekunjamana. Alikuwa mtu mkali, mtu wa haki, mrefu, ambaye hakukaa kitini mpaka amesalimia kila mtu. Alimsalimia mama kwa Kisukuma, "mwangaluka", maana mama hakupenda shikamoo za Waswahili, akaketi. Majirani wawili watatu walikuwa wamekwisha kusogea. Mgeni wa baiskeli hafichiki.

"Binti," akamwambia wifi, "nimesikia ulikwenda kwenye kijumba kile."

"Nilikwenda, Mwalimu."

Alijibu hivyo hivyo, kama mtu anayeulizwa kama alikwenda kisimani. Mwinjilisti akashusha pumzi.

"Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa. Nilimwambia mama kwamba mimi siamini huko. Akasema hata hivyo anakwenda. Basi nikainama."

"Kwa nini uliinama?"

"Alikuwa anatambaa, Mwalimu." Wifi akamtazama kana kwamba yeye mwinjilisti ndiye atamweleza. "Mama mzima, anatambaa mbele ya kuku. Ningetazama?"

Mlango ule niliokuwa nimeufunga nikaomba, ulinifungukia pale uani mbele za watu, ingawa hakuna aliyejua ila mimi.

Mwinjilisti hakulainika. "Wengi wanasema walikwenda tu kusindikiza," akasema. "Kisha mkono unashika unga. Nimeambiwa ulirudi na unga mwilini."

Mama alikuwa ameketi kwenye ngozi yake kando ya ukuta, mguu umenyooshwa. Katika miaka yote mwinjilisti alipokuja kwetu, mama hakuwahi kumsemesha zaidi ya salamu. Sasa akakohoa.

"Mwalimu, si unaniuliza na mimi? Watu wanasema desturi yenu ni kumuuliza mpagani."

Majirani wakacheka. Mwinjilisti naye karibu acheke.

"Nakuuliza, mama."

"Huyu mkwe wangu unga haukumgusa mkono. Ulimgusa bega, na aliyemmwagia ni mimi, maana mkono wangu unatetemeka. Nikiongea na wazee wangu yeye yuko kule kwenye miiba, amenipa mgongo, na midomo yake inacheza. Nilimuuliza, unasema na nani huko? Akasema, na wa kwangu, mama, wewe endelea na wako." Mama akafukuza inzi mguuni. "Sasa nikuulize mimi. Huyu binti yangu miaka mitatu ananiambia Roho wa Mungu wenu amekaa ndani yake. Namwamini, hasemi uongo. Lakini mguu huu umelala nyumba moja na Roho huyo miezi miwili, na hajausogelea. Huyu mwingine hajui hata kuniambia Roho huyo ni nani. Ananiosha tu. Nisaidie hapo, Mwalimu, mimi sikusoma."

Hakusema kwa ukali. Kama angenitukana, ningelia nikapona. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Hakuna aliyecheka. Mwinjilisti akaniangalia. Nilijua litakalofuata, na nilijua naweza bado kushinda. Neno moja tu: ningesema nilimwona akimwaga, na lingekuwa neno langu, la msichana wa kipawa, dhidi ya la mama asiyeamini anayempenda mkwewe. Wifi angerudishwa nyuma mwaka mzima. Huenda angechoka, angerudi kwao Masumbwe. Mama angebaki kwangu. Yote haya yalinipitia kichwani kwa muda wa kupepesa jicho, na siwezi kusema kwamba sikuyatamani.

"Ulimwona anamwaga unga?" mwinjilisti akaniuliza.

"Sikumwona," nikasema. "Nilimwona amesimama mbali. Amegeuka. Nilimwona tangu mwanzo."

"Lakini Jumatano…"

"Jumatano nilisema unga ulikuwa begani. Sikusema ulifikaje. Nilijua ulifikaje."

"Kwa nini basi?"

Ningeweza kutoa maneno mengi. Kinywa changu hakijawahi kukosa maneno. Nikasema, "Mama anacheka na yeye kuliko na mimi."

Lilikuwa jibu la kitoto na mpaka leo naona haya nikiliandika, lakini ndilo lililokuwapo. Ile orodha ya matunda ya Roho katika Agano Jipya nilikuwa ninaisema yote kwa pumzi moja tangu shuleni. Na orodha nyingine iliyo juu yake, ya matendo ya mwili, nayo niliijua. Wivu umo. Nilikuwa nikilipita neno hilo mbio kila mara, kama mtu apitaye nyumba anayodaiwa.

Mwinjilisti akafuta jasho usoni. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu kama yeye. "Nami niliyapokea maombi yako bila kuja kuuliza. Siku mbili nimekuwa na hasira na mtu aliyekuwa anambeba mama." Akamgeukia wifi. "Kuhusu kijumba, mimi bado nisingekwenda. Nakwambia ukweli."

"Sawa, Mwalimu," wifi akasema.

"Lakini sina neno la kukuzuia. Jumapili uje."

Alipoondoka, akaniambia mimi nisishiriki meza ya Bwana mpaka Pasaka. Ilikuwa haki. Kilichoniumiza si hicho. Nilimfuata wifi kwenye jiwe la kusagia, nikataka kumwomba radhi, nikawa nimepanga hata maneno, ya wifi na dada na moyo uliopondeka. Alikuwa anasaga mtama, mgongo unakwenda na kurudi.

"Wifi," nikaanza.

"Shika mwisho huu tusage wote," akasema, akanisukumia jiwe la pili. "Ukisema huku unasaga nitakusikia vizuri zaidi."

Nikasaga. Maneno yale niliyoyapanga sikuyasema. Baada ya muda nikasema tu kwamba nilifanya vibaya, naye akasema ndiyo, ulifanya vibaya, na kwamba ilimuuma, hasa kwa kuwa nilimwombea. Hakusema "haidhuru." Tukaendelea. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Wasukuma tunasaga polepole kwa sababu ng'ombe wamenyonya nguvu zetu, nikamjibu kwamba Wasumbwa wanasaga haraka kwa sababu hawana ng'ombe wa kuangalia, akacheka kile kicheko chake. Hivyo ndivyo alivyonisamehe. Kesho yake niliuosha mguu wa mama kwa mara ya kwanza. Nilitapika mara mbili, na mama akaniambia nina mikono mizito.

Jumapili wifi akabatizwa. Mama alihudhuria, akiwa mgongoni kwake. Waliingia hivyo kanisani, na watu wakawapisha. Nilifuata nyuma na kigoda cha mama. Baada ya ibada mama akamwita mwinjilisti, akasema anataka kujifunza. Alisema bado hajui kama ataamini, ila anataka kujua ni kitu gani kinachomfanya mtu ainame namna ile.

Nilisimama pale na kigoda. Ndoto yangu ilikuwa inatimia mbele ya macho yangu, imevaa nguo yake nyeupe, inaupita mkono wangu.

Mwinjilisti akaeleza taratibu: mwanafunzi mzee asiyeweza kutembea huchagua mtu wa kumfundisha nyumbani, mstari kwa mstari, kutoka kwenye kitabu cha mafundisho. Akanitazama mimi. Ilikuwa jambo la kawaida, hapakuwa na msomaji mwingine nyumbani. Mimi nilikuwa tayari nimefungua kinywa kusema ndiyo.

"Huyu," mama akasema, akampiga wifi kwenye bega.

"Mama, mimi sijui kusoma," wifi akasema.

"Utajua. Mimi nitangoja. Mguu haunikimbizi mahali."

Basi ndivyo tulivyofanya, na ndivyo tunavyofanya mpaka ninapoandika haya. Kila siku baada ya chakula cha mchana mimi na wifi tunaketi kivulini, upande wa ghala la mtama, nami namfundisha ukurasa mmoja. Anashika kijiti, anaandika herufi mchangani, anakosea, anafuta kwa kisigino. Ana kichwa kigumu kwa herufi na laini kwa maana. Nikimweleza mstari, ananiuliza unafanywaje, si unasemwaje, na mara nyingi sina jibu, tunafikiri wote wawili. Ukurasa ukishakaa, anaingia ndani kwa mama, anafunga mlango ili mama asione haya akikosea, naye anamfundisha.

Mimi nabaki nje. Wakati huo natwanga au nachambua pamba. Nawasikia. Wifi anasoma kwa kukatakata, neno moja linavunjika mara tatu, na mimi ningelisoma kama maji. Mama anarudia. Kisha wanaanza kuongea yao, na mama anacheka.

Kila siku akicheka naona ule upupu unapanda. Bado. Nilidhani Roho akishaingia mtu anaondolewa haya yote siku moja, kama jino. Nilishuhudia hivyo kanisani mara nyingi. Kwangu haijawa hivyo. Unapanda, nami nautazama, nashika mchi tena, na kichwani napanga ukurasa wa kesho, nikitafuta njia nyepesi zaidi ya kumweleza wifi, ili mama auelewe.